Shule ya Mutaa wa Mouffetard

Namna wanafunzi wa Paris walivyofundishwa na masikini, na inavyotufaa sisi tunaotumwa katika miji

Kila museminari anajua neno staji. Kijana anaacha vitabu kwa muda, anatumwa katika parokia, mara nyingi parokia ya muji, ili azoee kazi ya uchungaji. Ndivyo Eklezia inavyotaka. Mutaguso wa Vatikano II, katika amri yake ya mwaka 1965 juu ya malezi ya mapadri, ulifundisha kwamba waseminari wanapashwa kujifunza kazi ya kitume kwa matendo, si kwa masomo ya darasani tu.

Lakini ulizo linabaki: kijana anayetumwa mujini anapata nini huko? Wako wanaoogopa. Wanasema: muji utamupotosha, atazoea kelele na feza, na wito wake utapoa. Wengine wanafikiri kinyume: inatosha kumutia kijana katikati ya watu, maisha yenyewe yatamufundisha. Mawazo haya mawili yanasahau kitu kimoja. Mutaa hauharibu kijana kwa nguvu zake wenyewe, wala haumulei kwa nguvu zake wenyewe. Kazi inategemea nani anayemutuma, nani anayemuongoza na nani anayetembea pamoja naye.

Tuangalie mufano mmoja wa historia. Watu wake hawakuwa waseminari. Walikuwa vijana walei, wanafunzi wa iniversite. Lakini walilofanya katika muji wa Paris kuanzia mwaka 1833 linafanana sana na staji yetu, na matunda yake yanaonekana hata leo.

I. Muji na upweke wake

Katika mwezi wa Novemba 1831 kijana mmoja, Frédéric Ozanam, alifika Paris kusoma sheria. Alizaliwa Milano tarehe 23 Aprili 1813, akakomea Lyon, muji wa wafumaji wa hariri katika Ufaransa. Baba yake alikuwa munganga aliyetunza masikini wengi bila kuomba malipo. Katika mwezi ule ule wa Novemba wafumaji wa Lyon walisimama kwa silaha juu ya mishahara yao. Ozanam alikuwa na miaka 18. Alijua basi, mbele ya kufungua vitabu vya sheria, kwamba dunia yake ina jeraha.

Paris ilimutisha. Ulikuwa muji wa watu karibu 800,000. Wengi walitoka vijijini kutafuta kazi, wakalala jamaa nzima katika chumba kimoja, chini karibu na matope ao juu kabisa chini ya paa. Katika mwaka 1832 ugonjwa wa kolera uliingia na kuua watu zaidi ya 18,000 katika muji ule mmoja. Mitaa ya masikini iliumia kupita mingine. Mmoja wa mitaa hiyo uliitwa Mouffetard. Haukuwa mbali na mashule makubwa: kwa miguu ni dakika chache tu. Hata hivyo mwanafunzi aliweza kumaliza miaka yake yote ya masomo bila kupanda ngazi za nyumba moja ya Mouffetard.

Ozanam mwenyewe alilemewa na upweke. Aliandikia jamaa yake barua za huzuni. Alikuwa kati ya vijana wengi wasioamini, na walimu wengine walizarau dini mbele ya wanafunzi. Kwa bahati alipokelewa katika nyumba ya André-Marie Ampère, mutaalamu mukubwa wa mambo ya umeme, aliyekuwa Mukristu wa sala. Tukumbuke jambo hili: mbele ya kuwapokea wengine, Ozanam alipokelewa kwanza. Kijana asiye na nyumba ya kumupokea ataishi kama mugeni katika muji, hata akifanya kazi nyingi ndani yake.

II. Ulizo lililowachoma

Wakati ule Mukristu mmoja mwenye karibu miaka 40, Emmanuel Bailly, alikuwa na gazeti na nyumba ya wanafunzi. Aliwakusanya vijana katika mikutano ya kusemezana juu ya historia. Waamini na wasioamini walikuja pamoja. Ozanam na rafiki zake walisimama pale kutetea dini kwa maneno mazuri, wakitaja kazi kubwa ambazo Eklezia ilizifanya katika karne zilizopita.

Siku moja wapinzani wao waliwajibu. Walikubali kwamba zamani Ukristu ulitenda makubwa. Kisha wakawauliza: na ninyi, leo, katika muji huu, munatenda nini? Matendo yenu yako wapi?

Ulizo hilo halikuwa na jibu katika vitabu. Ozanam angeweza kutengeneza hotuba nyingine nzuri kuliko ya kwanza. Hakufanya hivyo. Inasimuliwa kwamba yeye na rafiki yake Auguste Le Taillandier walichukua kuni zilizowabakia za kuota moto, wakazipeleka kwa masikini mmoja. Ni kitu kidogo, lakini kilikuwa chao wenyewe.

Tarehe 23 Aprili 1833, siku ya pili ya juma, jioni, vijana sita walikutana na Bailly katika nyumba ya gazeti lake, karibu na kanisa la Saint-Sulpice. Majina yao ni haya: Ozanam, Le Taillandier, François Lallier, Paul Lamache, Jules Devaux na Félix Clavé. Ozanam alitimiza miaka 20 siku ile ile. Waliamua kwenda kutembelea masikini katika nyumba zao, na kukutana kila juma.

III. Mama aliyejua mutaa

Nia njema walikuwa nayo. Lakini walikosa kitu: hawakujua masikini wa Mouffetard, wala nyumba zao, wala mashida yao. Wangeweza kwenda huku na huku wakitoa feza kwa anayelia sana, kisha kuchoka kwa miezi miwili na kuacha. Vikundi vingi vya vijana vimekufa namna hiyo.

Bailly aliwaonyesha njia nyingine. Devaux alitumwa kwa Sista Rosalie Rendu, wa shirika la Mabinti wa Mapendo. Sista huyu alizaliwa katika mwaka 1786 kijijini, katika milima karibu na inchi ya Uswisi. Alifika Paris katika mwaka 1802, akiwa bado na miaka 15, na kisha akatumwa Mouffetard. Kuanzia 1815 alikuwa mama mukubwa wa nyumba ya masista katika mutaa ule. Wakati wa kolera alibaki kati ya wagonjwa wake. Kwa hiyo, vijana walipobisha hodi kwake katika 1833, yeye alikuwa amekwisha kukaa karibu miaka 30 katika njia zile zile nyembamba. Alijua nani mugonjwa, nani amekosa kazi, nani anakunywa mushahara wake, na mutoto gani haendi shule.

Aliwafanyia nini? Hakuwapa kazi kubwa ya kuwatukuza. Aliwapa majina ya jamaa chache, na vikaratasi vya kupata mukate, maana kikundi chao hakikuwa bado na mali. Kila mumoja alipewa mulango wake wa kubisha. Aliwafundisha kuvumilia, kusikiliza, na kutomuhukumu mutu upesi. Vijana hawa walizoea kushinda kwa maneno. Sasa walipashwa kukaa juu ya kiti kibovu na kunyamaza, huku mama mujane akieleza habari zake pole pole.

Jamaa ya kwanza ya Ozanam ilimufundisha mengi. Mama alikuwa na watoto watano. Mume alichukua feza ambazo muke alizitumikia, akazinywa na kumupiga. Ozanam hakuacha tu mukate mezani. Alichunguza habari yao, akaona kwamba wawili hawa hawakufunga ndoa halali. Basi sheria aliyoisoma iniversite ilipata kazi: mama aliweza kujitenga na mutu yule. Wenzake walikusanya feza ya safari ili mama arudi kwao Bretagne pamoja na watoto wadogo, na watoto wakubwa walitafutiwa kazi katika nyumba ya kuchapa ya Bailly.

Tuone vizuri. Mukate ulikuwa mwanzo tu. Kilichookoa jamaa ile ni mutu aliyerudi tena na tena, akauliza, akatumia akili yake na urafiki wa wenzake. Na kijana mwenyewe alijifunza masomo yake yalikuwa ya nini.

IV. Jioni ya kila juma

Tuje sasa kwa jambo ambalo wengi wetu tunalizarau: mukutano. Vijana hawa walikutana kila siku ya pili ya juma, jioni. Walianza kwa sala. Walisoma kidogo katika kitabu cha roho. Kisha kila mumoja alieleza habari za jamaa yake: aliona nini, mama anahitaji nini, kuni ao mukate, mutoto atafutiwe shule gani. Walipatana pamoja. Walichanga feza, kila mumoja kadiri ya uwezo wake, bila kutangaza kiasi. Walimaliza kwa sala. Walikatazana kusemezana mambo ya siasa pale, maana wakati ule siasa ingewagawanya upesi.

Mukutano ulileta faida gani?

Kwanza, ulimulinda kijana na kiburi. Anayekwenda kwa masikini peke yake anaweza kujiona mwokozi. Anayepashwa kueleza mbele ya wenzake anaona haraka kwamba kazi yake ni ndogo, na kwamba mwenzake alipata shida kubwa zaidi.

Pili, ulimulinda na kukata tamaa. Ziko nyumba ambamo huzuni ni nzito kuliko mabega ya kijana wa miaka 20. Akibaki nayo peke yake, ataacha kazi, ao moyo wake utakuwa mugumu. Akiisema mbele ya ndugu zake, wanaibeba pamoja.

Tatu, uliwafanya ndugu. Walikuwa wametoka katika miji mbalimbali, kila mumoja mugeni katika Paris. Urafiki wao haukutoka katika mazungumuzo mazuri wala michezo tu. Ulitoka katika mizigo waliyoibeba pamoja.

Mwisho wa mwaka 1833 kikundi kilikuwa kimeanza kupata watu wapya. Mumoja wao, Jean-Léon Le Prévost, aliyekuwa mukubwa kuliko wao kwa miaka kumi na kitu, ndiye aliyewaomba katika Februari 1834 wachague Mutakatifu Vincent de Paul kuwa musimamizi wao. Walikubali, na jina la Vincent de Paul limebaki.

V. Kuachana ili kazi iendelee

Hapa tunafika pahali pagumu pa historia hii. Mwisho wa mwaka 1834 walikuwa zaidi ya 100. Chumba kilijaa. Mutu hakuweza tena kueleza habari za jamaa yake kwa utulivu, na wapya hawakujulikana. Ozanam akatoa shauri: tugawanyike.

Wengi walikataa. Tunaelewa kwa nini. Walifika Paris wakiwa wapweke. Katika kikundi hiki walipata ndugu. Na sasa mwenzao anawaomba waachane! Walisemezana kwa ukali katika Desemba 1834, na hawakupatana mara moja. Waliopinga hawakuwa watu wabaya: walitetea urafiki, na urafiki ni zawadi ya Mungu. Lakini Ozanam aliona kwamba urafiki unaojifungia ndani utageuka kuwa raha ya watu wachache, na masikini watasahauliwa mulangoni.

Mwanzoni mwa 1835 waligawanyika. Katika mwaka ule ule kikundi kingine kilianza Nîmes, kusini mwa Ufaransa, na kanuni ya kwanza iliandikwa. Katika 1836 kazi ilifika Roma, katika 1844 Irlandi, katika 1845 St. Louis katika Marekani. Katika Januari 1845 Papa Gregori XVI alikuwa ameikubali kazi yao kwa barua zake. Leo Shirika la Mutakatifu Vincent de Paul liko katika inchi karibu 150. Kama marafiki wale wangebaki katika chumba kimoja, pengine tusingesikia hata majina yao.

VI. Walikuwa watu gani kisha?

Musomaji atauliza: na vijana wenyewe, staji yao iliwafanya watu wa namna gani? Hawakuwa wote mapadri. Lallier alikuwa mwamuzi wa baraza katika muji wa Sens. Lamache alikuwa mwalimu wa sheria. Devaux alikuwa munganga. Le Prévost alianzisha shirika la watawa katika 1845 na akapata upadri katika 1860. Kila mumoja alijua wito wake vizuri zaidi, maana aliujaribu mbele ya watu wanaoteseka.

Bailly naye alipata matunda katika nyumba yake mwenyewe. Watoto wake wawili, Vincent de Paul Bailly na Emmanuel Bailly, waliingia shirika la Wasomptio. Wa kwanza alianzisha gazeti la La Croix katika 1883, wa pili alikuwa mukubwa wa shirika lote mpaka kifo chake katika 1917. Ndilo shirika ambalo mapadri wake walifika upande wa Beni, katika Kongo yetu, katika mwaka 1929. Wakristu wa Beni na Butembo wanawajua. Baba yao wale wawili ndiye aliyefungua mulango kwa wanafunzi sita jioni ile ya Aprili.

Ozanam mwenyewe alikuwa mwalimu wa Sorbonne, akafunga ndoa na Amélie Soulacroix katika 1841, akapata binti mumoja. Lakini Mouffetard haikutoka moyoni mwake. Alipofundisha sheria ya biashara Lyon katika miaka 1839 na 1840, alieleza kwamba mutu wa kazi si chombo, na kwamba mushahara unapashwa kumutosha kuishi na kulea watoto wake. Sadaka ilimufikisha kwa haki. Aliona kwamba mukate wa leo ni lazima, lakini ni lazima pia kuuliza kwa nini mutu anayefanya kazi tangu asubuhi mpaka usiku anakosa mukate.

Katika Juni 1848 watu wa kazi wa Paris walisimama, na damu ilimwangika kwa siku nne. Ozanam na rafiki wawili walikwenda kwa Askofu Mukubwa Denis-Auguste Affre kumuomba aende kuwapatanisha. Askofu alikubali. Tarehe 25 Juni alipigwa risasi alipokuwa akiomba amani katikati ya wapiganaji, akafa tarehe 27. Nyuma ya vita Ozanam hakuwageuzia masikini mugongo. Aliandika katika gazeti lake akiwakumbusha Wakristu kwamba jeshi linanyamazisha muji, lakini haliponyeshi njaa.

Alikufa Marseille tarehe 8 Septemba 1853, na miaka 40. Sista Rosalie alimufuata tarehe 7 Februari 1856, na watu wengi mno walisindikiza mwili wake. Kaburi lake lilitengenezwa na rafiki zake, watajiri na masikini pamoja. Papa Yoane Paulo II alimutangaza Ozanam kuwa mwenye heri katika 1997, na Sista Rosalie katika 2003.

VII. Inatufaa nini sisi?

Ndugu waseminari, mapadri na wakatekista, miji yetu imekua kuliko Paris ya wakati ule. Katika Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani watu wanafika kila siku kutoka vijijini, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya vita. Museminari wa staji anatumwa kwao. Historia hii inatuonyesha mambo matatu ambayo yakikosekana staji haitaleta matunda.

La kwanza ni mulango unaojulikana. Kijana asipewe muji muzima. Apewe jamaa chache, wagonjwa fulani, kikundi fulani cha watoto, naye arudi kwao mpaka wamujue kwa jina. Kuongoza nyimbo siku ya Mungu ni vizuri, lakini haitoshi kumufundisha mutu.

La pili ni muzee anayejua mutaa. Padri paroko ana kazi nyingi, ni kweli. Lakini katika kila kata yuko mama mumoja, katekista mumoja, sista mumoja anayejua kila nyumba. Padri amuweke kijana chini ya mutu huyo. Na kijana asione haya kufundishwa na mama asiyesoma sana. Wanafunzi wa Sorbonne hawakuona haya.

La tatu ni ndugu wa kusemezana nao kila juma, mbele ya Mungu, juu ya mambo waliyoyaona. Katika mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya za Wakristu zilizo hai, watu wachache wanaojuana na kusaidiana katika mutaa wao. Museminari wa staji asikae pembeni ya jumuiya hizo kama mukaguzi. Aingie ndani, asali na watu, aeleze, asikilize, abebwe naye. Kisha wakati wa kuachana utafika, kwa kuwa staji inakwisha ao kwa kuwa jumuiya imekuwa kubwa. Siku hiyo atahuzunika, kama wale wa 1834. Aende hata hivyo, maana kuna nyumba nyingine ambamo hakuna mutu aliyebisha hodi bado.

Padri anayempokea museminari mwaka huu ajiulize basi: nimemuonyesha mulango gani? nimemuweka mikononi mwa nani? anasemezana na nani jioni? Na museminari naye, mbele ya kuandika ripoti yake kwa wakubwa, aandike kwanza kwenye karatasi majina ya watu wa mutaa anaowajua, na aanze kuwaombea kwa Mungu.